Windo Lisilo na Leseni

Jumatatu, 20 Januari 2025

Leo kompyuta imenitukana. Nyumbani kwangu, juu ya meza yangu, na umeme nalipa mimi! Nimeiwasha saa tatu asubuhi nianze orodha ya zamu za maji. Skrini ikaja nyeusi tii, na pembeni chini maandishi madogo: leseni ya mfumo imekwisha muda, nakala hii si halisi. Si halisi! Mimi, Urbanus, katibu wa kamati ya mfongo, mfereji wetu wa maji, mwaka wa sita huu, naambiwa nina kitu feki. Tena na chombo ninachokifunika kitambaa cha kudarizi kila jioni kisiingie vumbi.

Saa nne ikazima yenyewe. Bila hodi, bila kwaheri. Nikawasha. Saa tano ikazima tena. Nimeipima mpaka jioni: inakaa saa moja, inalala.

Niandike jambo lenyewe likae wazi. Kiangazi kimekolea. Maji ya mfongo wetu hayawezi kunywesha vihamba vyote, mashamba yetu ya nyumbani, kwa mara moja, kwa hiyo kila kaya ina siku yake ya kufungua nduwa, lile bwawa letu dogo linalojaa usiku kucha. Kaya ni thelathini na nne. Bila orodha watu huonyeshana majembe. Orodha inatakiwa mkutanoni Jumamosi hii. Jana baada ya Misa, mwenyekiti wetu Mzee Basili ameniita kando. Kasema mwaka jana niliileta imechelewa siku nne. Mwaka huu ikichelewa hata saa moja, ukatibu unakwenda kwa Ndelilio.

Ndelilio! Jirani yangu wa ng'ambo ya mfongo. Mtu wa kaunta buku moja na kalamu ya kuchomeka sikioni. Aandike orodha yeye? Thubutu!

Mke wangu Mektrida ameuliza kwa nini nami nisiandike kwa mkono, ni majina thelathini na nne tu. Nimemweleza taratibu kwamba katibu anayeandika kwa mkono ni karani. Amechukua panga, ameenda kukata majani ya ng'ombe.

Sina wasiwasi. Siku tano ni nyingi kwa mtu mwenye akili.


Jumanne, 21 Januari

Nimempigia simu Ronald. Ronald ni fundi kompyuta kule mjini, ana kibanda pembeni ya stendi. Ndiye aliyenipigia windo mwezi Julai. (Mfumo unaoendesha kompyuta, vijana wa mjini wanauita windo. Kuuingiza kwenye mashine ni kupiga windo. Ndiyo lugha ya kazi, na mimi nimeizoea.)

Nyumbani kwangu mtandao haushiki. Unashika sehemu moja tu: ukingoni mwa mfongo, chini ya mgomba wa mwisho, hatua tatu kutoka kwenye ua wa Ndelilio. Hata hapo lazima upaze sauti. Nikapaza. Nikamwambia Ronald kwamba lile windo alilonipigia limekufa. Kwamba halina leseni. Kwamba kwa sasa nimelifunika kitambaa chumbani na sitaki watu wajue.

Ronald hakushtuka hata kidogo. Amesema lile lilikuwa windo la majaribio, siku mia na themanini, na siku zenyewe zimeisha jana. Nikamuuliza mbona hakusema. Amesema alisema. Ati mimi nilijibu nimekuelewa kijana, kisha nikauliza kama ina mchezo wa karata.

Ushauri wake: ninunue leseni halali, au nimpelekee mashine apige windo upya, ila orodha zangu zote za zamani zitafutika nisipozihamisha kwanza. Nimekataa yote mawili. La kwanza linakubali kwamba nilikuwa na kosa. La pili linanipandisha bodaboda na kompyuta mapajani, kijiji kizima kinatazama.

Nilipogeuka, Ndelilio alikuwa nyuma ya ua wake, amechuchumaa, anajifanya kung'oa magugu. Kanisalimia vizuri mno. Kauliza hali ya Mama Denis, yaani Mektrida, kauliza hali ya ng'ombe. Mtu huyu hajaniuliza hali ya ng'ombe tangu mwaka juzi. Nadhani ameanza kuogopa.


Jumatano, 22 Januari

Siku ya ajabu. Naandika kwa hasira, si kwa woga.

Saa mbili asubuhi, hodi. Mtendaji wa kijiji mwenyewe, Bi Herieth, na mgambo wawili wenye virungu. Nimewakaribisha viti. Kusema kweli nilifurahi. Nikajua serikali imesikia shida ya katibu na imeleta msaada.

Bi Herieth ameuliza kama ni kweli nina windo humu ndani. Nikasema ndiyo, lipo chumbani. Ameuliza kama lina leseni. Nikasema hapana, na sikuona sababu ya kudanganya. Ameuliza nani alilipiga. Nikasema ni Ronald, wa mjini, amewapigia watu wengi sana, hata walimu. Bi Herieth akawa anaandika mbiombio. Mgambo mmoja akahamia mlangoni. Ameuliza limekaa humu tangu lini. Nikasema tangu Julai. Hapo wote watatu wakaziba pua.

Kisha akauliza kama tumeshaanza kulila.

Ndipo nilipoona kuna jambo haliendi sawa.

Kumbe! Kumbe Ndelilio kakimbia ofisini jana ile ile kuripoti kwamba katibu ana windo, limekufa, limefunikwa kitambaa, halina leseni. Na huku kwetu mlimani windo ni windo: mnyama aliyeuawa porini. Msitu wa hifadhi uko juu yetu hapo, na hakuna wanachokifuatilia kama nyama ya msituni. Wamepekua jikoni. Wamepekua dari. Wamefunua sufuria ya Mektrida, wakakuta kiburu, ndizi na maharage kama nyumba yoyote. Mgambo wa pili alitaka uhakika zaidi, akaomba sahani.

Nimewapeleka chumbani wakaone windo lenyewe. Nikaondoa kitambaa. Nikawasha. Nikawaonyesha maandishi. Bi Herieth ameyasoma mara mbili, akakaa kitini kwangu, akacheka mpaka akavua miwani akaifuta machozi. Mektrida naye! Mke wangu! Amejishika kiunoni mlangoni, anacheka kwa Kichagga.

Kabla ya kuondoka Bi Herieth ameuliza, kwani hiyo orodha haiwezi kuandikwa kwa mkono. Wote wanaimba wimbo mmoja.

Lakini nimepata faida. Sasa mtendaji anajua kwamba katika kijiji hiki kuna mtu anafanya kazi kwa kompyuta. Ndelilio alitaka kunimaliza, kanitangaza. Asante jirani.


Alhamisi, 23 Januari

Nimeipata dawa! Ufunguo!

Kila leseni ina ufunguo wake: herufi na tarakimu ishirini na tano, mafungu matano ya tano tano. Kompyuta hii niliinunua kwa Mwalimu Eliamini alipostaafu na kuhamia Mabogini kwa binti yake kwenye mpunga. Wakati huo ilikuwa na leseni yake halali, karatasi imebandikwa ubavuni. Karatasi ipo bado, ila maandishi hayapo. Mwaka jana nilimwagiza Mektrida aisafishe kompyuta, naye akaisafisha kama anavyosafisha sufuria.

Mwalimu ni mwalimu. Nilijua lazima aliunakili mahali. Nimekwenda ukingoni, nimepiga simu, shikamoo Mwalimu, marahaba. Na kweli anao, kwenye daftari la maandalio ya somo, umepigiwa mstari kwa rula. Akaanza kunisomea.

Shida ni kwamba Mwalimu anasoma herufi kama alivyofundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na minane: a, be, che, de. Mimi nazijua kwa Kiingereza, kama zinavyotajwa kazini. Akasema ge. Nikaandika J. Akasema je. Nikasubiri swali. Swali halikuja. Nikamuuliza je nini, Mwalimu. Kasema je ni herufi, niandike. Nikaandika G.

Akasema we. Nikaitika naam. Akasema we tena. Nikaitika naam Mwalimu, nakusikia. Kisha kwa sauti niliyoisikia mara ya mwisho nikiwa na kaptula, ameniuliza kama nimekwenda shule kuota jua. Nikagundua ni W. Zilikuwa mbili, na mimi nimeitika zote.

Ilipofika ye nikauliza ni nani. Hapo akampa simu binti yake.

Tumemaliza saa nane mchana. Nimerudi mbio, nimeingiza herufi zote. Kompyuta imekataa. Nikarudi ukingoni. Tumeanza upya, binti anasoma, Mwalimu anamrekebisha kwa nyuma. Imekataa. Mara ya tatu Mwalimu ameamua kutaja kila herufi kwa jina la mtu wa Biblia. Imesaidia sana, isipokuwa W. Hatukumpata mtu. Mwalimu ametoa Wakorintho, na akaniomba nisimcheke.

Saa kumi na moja, imekubali! Nimepiga kelele Mektrida akadhani nimeng'atwa na nyoka. Ikazunguka, ikazunguka, ikaandika kwamba ufunguo ni sahihi, ila ni wa toleo la nyumbani, na mfumo uliomo humu ni wa maofisi. Haviingiliani. Kisha ikazima, maana saa yake ilikuwa imetimia.

Nimempigia Ronald. Amesema ndiyo, ni kama kuchukua ufunguo mzuri wa nyumba ukafungulie banda la mbuzi la jirani. Lazima windo lipigwe upya, la toleo la nyumbani, ndipo ufunguo wa Mwalimu utakubali. Bure kabisa, amesema, nilete tu mashine kesho asubuhi.

Kesho asubuhi! Siku moja kabla ya mkutano, niitoe kompyuta nyumbani! Kijana hana mkakati.


Ijumaa, 24 Januari

Ushindi. Naandika neno hili kwa utulivu. Ushindi.

Nimelala nikifikiri, nimeamka na jibu. Kompyuta inajuaje kwamba leseni imekwisha? Kwa tarehe. Nani anaiambia tarehe? Ile saa ndogo ya pembeni. Nani bwana wa saa ya pembeni? Mimi. Basi nimeirudisha nyuma mwaka mmoja kamili: 24 Januari 2024. Wakati huo leseni hii ilikuwa haijazaliwa. Na kitu ambacho hakijazaliwa hakiwezi kufa. Ronald kasomea mambo haya chuoni na hakuliona.

Nimewasha. Imekaa dakika hamsini na nane mfululizo. Kisha ikazima, lakini nadhani hiyo ni mazoea tu, kama ng'ombe anayesimama njiani mahali alipozoea. Nimewasha tena.

Orodha nimeipiga kwa mizunguko mitatu. Haraka, haraka! Nimeandika 27 Januari kwenye mstari wa kwanza, nikashika mausi nikavuta kwenda chini, na kompyuta imejaza yenyewe tarehe na siku mpaka mstari wa thelathini na nne. Kwa Kiswahili safi. Ndelilio angetumia jioni nzima na kalamu mbili.

Jambo dogo. Mimi nilidhani tarehe 27 ni Jumatatu. Kompyuta imeandika Jumamosi. Nimetafakari kidogo. Lakini mimi wiki hii nimepekuliwa na mgambo, nimefokewa na mwalimu, sijalala vizuri. Mashine haichoki. Na zimebaki dakika tisa. Nimeiachia.

Mstari wa kwanza nimejiweka mwenyewe. Maji ya kwanza ndiyo yenye nguvu, na Mektrida ana miche mia mbili ya kahawa inayokauka. Wa pili Monica mjane, mtu hawezi kusema ninapendelea. Wa tatu Ndelilio, ili aonekane yuko chini yangu. Wa mwisho Mzee Basili, kama desturi: mwenyekiti hunywesha watu wote kwanza.

Nimeshuka mjini na flashi. Violet wa steshenari amechapa na kutoa nakala thelathini na nne. Ameniuliza kama nimeihakiki. Nimemwambia imehakikiwa na kompyuta.


Jumamosi, 25 Januari

Laiti Denis, mwanangu aliye Dar, angekuwepo kunipiga picha!

Mkutano saa nne, chini ya paa la ghala la kahawa. Nimefika na suti. Ndelilio kafika na kaunta buku kwapani, kalamu sikioni, tayari kuapishwa. Mzee Basili ameuliza kama orodha ipo. Nikasimama. Nikamwacha asubiri kidogo. Nikatoa nakala kwenye bahasha moja baada ya nyingine, bado zina harufu ya mashine.

Watu wameguna kwa heshima. Zina mistari! Zina vichwa vya habari! Nimesoma majina tu, kwa sauti, maana siku na tarehe kila mtu anazo mkononi. Wamepiga makofi. Mzee Basili ameikunja yake mara nne akaiweka kwenye mfuko wa koti, akasema kamati ina katibu. Maneno hayo hayo: kamati ina katibu.

Ndelilio ameitazama karatasi yake muda mrefu. Ameangalia juu, amehesabu vidole, ameangalia karatasi tena. Hakusema neno. Wivu huziba koo.

Mektrida nimemkuta kwenye miche, anamwaga maji kwa kopo, mche mmoja mmoja. Nimemwambia Jumatatu alfajiri anapata nduwa nzima. Amefurahi. Amenikaanga yai.


Jumatatu, 27 Januari

Sijui nianzie wapi.

Nianzie jana. Jana mchana Monica alikutwa amefungua nduwa, anamwagilia. Nimekwenda kumkemea, siku ya Bwana na maji si yake. Ametoa karatasi yangu. Imeandikwa: Monica, Jumapili. Nikatazama. Kweli Jumapili. Nikatazama tarehe. 28. Nikamwambia leo ni tarehe 26. Akasema yeye anajua Jumapili kwa kengele ya kanisa, tarehe ni mambo ya benki.

Leo alfajiri mimi na Mektrida tumefika nduwa na majembe. Nani amekaa juu ya ukuta, amekunja suruali? Ndelilio. Karatasi yake: Jumatatu, tarehe 29. Yangu: Jumamosi, tarehe 27. Kasema leo ni Jumatatu, maji ni yake. Nikasema leo ni tarehe 27, maji ni yangu. Kasema nisome nilichoandika mwenyewe. Nikasema naye asome nilichoandika mwenyewe. Wote wawili tuko sahihi! Sijawahi kuona orodha yenye uwezo kama huu.

Akafungua upande wake. Nikafungua upande wangu. Nduwa ina mdomo mmoja na sisi tumetoboa wa pili. Maji yote yametafuta njia yao, yakashuka barabarani, yakafika mpaka uani kwa Mzee Basili alikokuwa ameanika ulezi wa kupikia mbege, pombe yetu.

Miche haikupata hata tone. Mektrida hakupiga kelele. Amechukua kopo lake akarudi nyumbani. Afadhali angepiga kelele.


Jumatano, 29 Januari

Kijiji kimegawanyika. Wapo wa siku na wapo wa tarehe. Wa siku wanasema Mungu aliumba siku. Wa tarehe wanasema karatasi imeandikwa 29, na 29 ni leo. Monica alinywesha Jumapili kwa siku, jana akarudi kwa tarehe. Na leo alfajiri Ndelilio, aliyechukua Jumatatu kwa siku, amerudi kuchukua tena kwa tarehe. Amenipungia mkono!

Mimi kwa hesabu hiyo nina haki ya Jumamosi ijayo. Nilikuwa nikimweleza Mektrida faida hii alipofika mjumbe. Mkutano wa dharura, kesho saa nne.

Nimekagua chanzo. Ni ile saa. Mwaka jana 27 Januari ilikuwa Jumamosi. Kompyuta haikukosea, ilisema ukweli wa mwaka jana. Sina la kuilaumu.


Alhamisi, 30 Januari

Nimevua suti. Niandike upesi yaishe.

Mzee Basili hakuzungumzia ulezi. Hakuzungumzia barabara. Alisimama, akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua mikunjo yote minne, akavaa miwani. Akasema amesoma zamu yake. Amepewa maji Alhamisi, tarehe 29 Februari. Akaniomba nimwambie, ya mwaka gani.

Nimefunga kifungo cha koti, nikasimama.

Nimemjibu kwamba kwa mwaka huu tarehe hiyo kweli haionekani, lakini itakuja, ni suala la subira. Nilidhani ni jibu zuri. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, wakafuata wote, hata Bi Herieth aliyekaribishwa kama shahidi. Akasema heri lile windo lingekuwa swala, lingeliwa likaisha.

Wamepiga kura kwa mikono. Ndelilio ndiye katibu. Ameandika orodha mpya palepale, kwa kalamu, wakati kata ya mbege inazunguka benchi la mbele. Haikufika hata benchi la pili. Jumatatu imekaa Jumatatu. Mimi nimewekwa wa thelathini na nne, nafasi ya mwenyekiti. Mwenyekiti amechukua ya kwanza, ya leo leo, na Ndelilio ya kesho.

Nimeumia. Nasema wazi hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Njiani Monica amenisalimia Baba Denis, hujambo. Miaka sita ilikuwa shikamoo Katibu. Nimejibu sijambo, nikatazama migomba mpaka akapita.

Jioni Mektrida amevuka mfongo. Amekaa jikoni kwa mke wa Ndelilio, wamezungumza Kichagga chao, amerudi na ahadi ya nusu ya maji yao ya kesho alfajiri. Imemchukua muda wa kumenya mkungu wa ndizi. Sikumuuliza amesema nini. Amenitajia mwenyewe: aliomba.

Sasa miche itapona. Nashukuru. Ila hakuna mbinu hapo, ni kuomba tu.


Jumapili, 2 Februari

Mungu hamtupi mja wake!

Leo baada ya Misa Ruth, mama mwenyekiti wa jumuiya yetu, alisimama akatangaza kwamba Kwaresima inakaribia. Anahitajika mtu wa kuandaa ratiba ya sala za nyumba kwa nyumba, kuanzia Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi, mpaka Pasaka. Hakumaliza kusema. Mkono wangu ulikuwa juu, na mwingine ukiushikilia. Ndelilio alikuwa amechoka na mambo ya maji, hakuwahi.

Ruth ameuliza kama nitaandika kwa mkono. Nikacheka tu. Ronald amenitumia ujumbe kwamba bado anaweza kupiga windo la nyumbani bure, ufunguo wa Mwalimu unangoja. Sijamjibu. Ningependa kwanza kumwonyesha kazi.

Maana kosa langu nimelijua. Si haba, mtu hujifunza. Kosa lilikuwa kurudi nyuma. Mtu wa maendeleo harudi nyuma! Leseni iliyokufa hukimbiwa kwa kwenda mbele, mpaka ifike mahali imesahau. Nimeipeleka saa ya kompyuta mwaka 2028. Nimewasha, imekaa dakika hamsini na tisa. Moja zaidi ya safari ile!

Nimeandika 5 Machi, nimevuta mausi kwenda chini, ratiba nzima imejaa kwa pumzi moja. Safi kabisa. Mektrida alichungulia, akasoma mstari wa kwanza, akaniita Baba Denis kwa sauti ya chini, kisha akaghairi akaenda zake kwenye miche.

Kompyuta inasema mwaka huu Jumatano ya Majivu inaangukia Jumapili. Sikuwa najua. Kesho nashuka parokiani kumwarifu Padre mapema, ajipange.